Mapango ya Budapest ukiwa na mama

Ndugu yangu, umeuliza kama mama mwenye magoti mabovu ataweza kuingia nawe kwenye mapango yaliyo chini ya Budapest. Mpeleke kwenye pango la Szemlő-hegyi: njia yake ni nyepesi, na kuta zimejaa maua ya mawe, yaani madini yaliyoganda kwa umbo la maua, kazi ya maji ya moto yaliyochonga mapango hayo kutoka chini. Pálvölgyi, lililogunduliwa mwaka 1904, lina ngazi nyingi mno. Hilo nenda peke yako. Huko pia kuna ziara ya kutambaa kwa tumbo. Ovaroli, kofia ngumu na taa unapewa. Ila kama sehemu finyu hukubana pumzi, usijitie ushujaa. Na sweta msisahau, hata Julai: chini ni nyuzi 11 au 12 mwaka mzima.