Makala yenu ya saratani inapofika pa kufutwa

Nakuandikia wewe ambaye jina lako limo katikati ya orodha ya waandishi. Makala imeshatoka, watafiti wengine wameanza kuinukuu, na sasa umegundua kwamba data zake hazisimami. Si wewe uliyezipika, na pengine hakuna aliyezipika. Unachotaka kujua ni uanze na nani na umwambie nini.

Mimi ni mtu wa takwimu. Makala niliyoshiriki ilihusu dawa iliyodaiwa kupunguza uvimbe wa saratani kwa panya, na iliishia kufutwa, yaani jarida lilitangaza rasmi kwamba matokeo yake yasitegemewe tena. Msomaji mmoja aliomba data ghafi za mchoro mmoja, nikapewa kazi ya kuziandaa. Uvimbe wa panya hupimwa urefu na upana, kisha ujazo hukokotolewa: urefu mara upana mara upana, gawanya kwa mbili. Panya wawili kulingana kwa bahati si ajabu. Lakini safu nzima ya panya waliopewa dawa ilikuwa na tarakimu zilezile, hadi desimali ya mwisho, za panya wasiopewa dawa katika jaribio jingine kabisa. Kilichobadilika ni mpangilio tu. Daftari la maabara la kipindi hicho halikupatikana, kwa hiyo hatukuweza kusema safu ipi ni ya kweli, wala ilikuwaje hata zikafanana.

Hapo ndipo wengi hukwama, wakidhani lazima kwanza apatikane mkosaji. Si lazima. Mwongozo wa COPE, kamati ya maadili ya uchapishaji ambayo majarida mengi huifuata, unaangalia kama kuna ushahidi wa wazi kwamba matokeo hayaaminiki, iwe chanzo ni kosa la bahati mbaya au udanganyifu. Nani alifanya nini ni kazi ya uchunguzi wa taasisi, nao unaweza kuvuta miaka. Katika kipindi hicho jarida linaweza kubandika tangazo la tahadhari kwenye makala. Liombeni mapema.

Kabla hujamwambia mtu, nakili faili zote kama zilivyo. Usirekebishe hata nukta, wala usihifadhi upya faili la awali, maana tarehe ya mwisho ya kubadilishwa itakuwa ya kwako. Kisha andika ukurasa mmoja: faili gani, safu ipi, mchoro upi umeguswa. Usitaje jina la mtu na usiandike neno "udanganyifu". Mpelekee mwandishi mkuu kwa barua pepe, hata kama ofisi zenu zinatazamana. Akinyamaza, nenda ofisi ya maadili ya utafiti ya taasisi, halafu kwa mhariri. Mimi nilibahatika, wangu alijibu siku hiyohiyo, ingawa jibu lenyewe sikulipenda.

Alitaka tutoe masahihisho. Turudie jaribio, tubadilishe mchoro, tuandike kwamba hitimisho halijabadilika. Utaambiwa hivyo na wewe, tena na mtu unayemheshimu, na litasikika kama jambo la busara. Kataa. Masahihisho ni ya jedwali lililokosewa au kipimo kilichoandikwa vibaya, pale ambapo hoja kuu inabaki imesimama bila data hizo. Hoja kuu ikiwa imejengwa juu ya data hizo, jaribio jipya ni makala mpya, ipitie wahakiki kama nyingine yoyote.

Tazama yaliyotokea Chuo Kikuu cha Duke, Marekani. Mwaka 2006 timu ya Anil Potti ilichapisha katika jarida la Nature Medicine njia ya kubashiri, kwa kuangalia jeni, ni dawa gani ya kemotherapi itamfaa mgonjwa. Keith Baggerly na Kevin Coombes, wanatakwimu wa kituo cha saratani cha MD Anderson huko Houston, walijaribu kurudia hesabu wakakuta orodha za jeni zimeteleza kwa mstari mmoja, na mahali pengine lebo za seli zinazosikia dawa na zile sugu zimebadilishana. Walipolisema, yakaja majibu na masahihisho, huku wagonjwa wakiendelea kuandikishwa kwenye majaribio ya tiba yaliyotegemea njia hiyo. Makala ilifutwa Januari 2011. Lebo zikigeuka, mgonjwa anaweza kupewa dawa ileile ambayo saratani yake haiisikii. Nikiwaza hilo, masikitiko ya mwandishi mkuu kuhusu jina la maabara yake hayanigusi sana.

Mkishakubaliana kufuta, pigania maneno ya tangazo. "Imefutwa kwa ombi la waandishi" peke yake haina faida kwa yeyote, na wewe ndiye itakayekuumiza zaidi. Uchambuzi uliotoka mwaka 2012 wa makala 2,047 za tiba na sayansi ya viumbe zilizofutwa ulionyesha kuwa asilimia 67.4 zilifutwa kwa utovu wa maadili, na asilimia 21.3 tu kwa makosa. Tangazo likikaa kimya, msomaji atajaza pengo kwa kudhani mabaya. Letu lilitaja mchoro, likasema data za makundi mawili zinafanana kwa namna isiyoelezeka, kumbukumbu za awali hazipo, na hitimisho halina tena msingi. Mwenzetu mmoja hakuafiki, nalo likaandikwa. Inaruhusiwa.

Usitegemee kwamba tangazo litawafikia watu lenyewe. Programu za kutunza marejeo kama Zotero siku hizi huonya mtu akiwa na makala iliyofutwa kwenye maktaba yake, lakini si wote wanaoitumia. Waandikie mwenyewe walioinukuu, na uanze na wale wanaoshughulika na wagonjwa.

Kuhusu wasifu wako wa kazi, usiiondoe. Kwenye wangu bado ipo, imeandikwa "imefutwa" pamoja na kiungo cha tangazo. Nimewahi kuulizwa habari zake kwenye usaili. Nikawafungulia tangazo wakasoma wenyewe, tukaingia swali lililofuata.