Sifuri si jibu: kwa mnaoanza kuhakiki madodoso ya matatizo ya kumeza

Wiki hii nimeletewa jedwali jingine ambalo kila kisanduku kilichokuwa kitupu kimejazwa sifuri. Wadogo zangu, nawapenda, lakini mtaniua kwa presha.

1. Alfa ya Cronbach, namba inayoonyesha maswali ya dodoso yanavyoendana (mwisho wake 1), si cheti. EAT-10 yenyewe, dodoso la maswali kumi kuhusu shida za kumeza, ilipochapishwa mwaka 2008 ilitoa 0.96, na waliokuja baadaye na uchambuzi wa Rasch, unaokagua swali mojamoja, waliikosoa vilevile. Alfa ya juu hivyo huenda ni swali moja lililovalishwa nguo kumi.

2. Kabla ya kurudia dodoso baada ya wiki mbili kuona kama majibu yanabaki yaleyale, muulize mgonjwa kama hali yake imebadilika. Aliyepanuliwa umio hapo katikati, mtoe.

3. Sifuri. Hapa nitakaa kidogo.

Mnaijua EAT-10: kila swali 0 hadi 4, jumla 40, na kuanzia 3 tunashtuka. Nilipolinganisha alama za wagonjwa wangu na eksirei zilizopigwa wakimeza, wale ambao chakula kiliwaingia zaidi kwenye njia ya hewa ndio waliokuwa na alama ndogo. Badala ya kushtuka nikafurahi! Nikaandika aya nzima juu ya koo lililopoteza hisia, kwa kuwa kweli wapo wanaoingiwa na maji mapafuni bila hata kukohoa, na nikaisoma kwa mbwembwe mbele ya idara. Muuguzi mmoja aliyekaa nyuma akauliza taratibu, "Hao wenye alama mbili, si ndio wale wanaolishwa kwa mrija?"

Ndio hao. Swali linasema, "Nikila nakohoa." Mtu hajatia kitu mdomoni miezi mitatu, akohoe kwa kula nini? Wengine walijibu sifuri kwa uaminifu kabisa. Wengine waliacha wazi, na mimi kwa mkono wangu nikawajazia sifuri ili programu isinisumbue. Asiyeweza kumeza hata mate yake nikamtangaza mzima kuliko mimi. Nililipitia upya faili la kila mgonjwa: asiye na dalili, 0; asiyekula kwa mdomo, 88; asiyejibu, 99. Hizo 88 na 99 ni alama za kutambulia, hazijumlishwi (yupo aliyezijumlisha, simtaji). Muuguzi yule tukipishana kwenye korido hadi leo huniuliza, "Sifuri zako hazijambo?"

4. Tafsiri ya kurudi, yaani dodoso lililotafsiriwa kurudishwa kwenye lugha yake ya kwanza, inaweza kulingana neno kwa neno na mgonjwa asikuelewe. Mwambie akueleze swali kwa maneno yake. Mama mmoja nilimuuliza kuhusu chakula kukwama kooni, akanieleza kwa dakika kumi jinsi anavyopaliwa na maji, akataka na glasi anionyeshe. Nilimwomba asionyeshe.

5. Andikeni nani alijibu. Niliwahi kumuuliza mzee kama kumeza kunampa wasiwasi, mkewe akadakia, "Sana!" Mzee akanitazama, akatikisa kichwa kwamba hapana, kisha akamtazama mkewe na kuandika 4.