Kabla ya Kununua Sanamu Nyingine ya Kanisa

Familia au chama cha kitume kikitaka kutoa zawadi parokiani, mara nyingi wazo la kwanza huwa sanamu. Nimehudumu miaka mingi katika kamati ya liturujia, na ushauri wangu ni huu: kabla ya kuuliza mtakatifu gani, ulizeni mtu atapiga magoti wapi mbele yake. Niliwahi kuona sanamu ya Mtakatifu Yosefu ikitolewa nyuma ya nguzo na kuwekwa pembeni penye benchi. Muda si muda watu wakaanza kubaki pale baada ya Misa. Sanamu ilikuwa ileile.

Idadi nayo ina mpaka. Maelekezo ya Jumla ya Misale ya Kirumi, yaani kanuni za Kanisa Katoliki za kuadhimisha Misa, namba 318, yanataka sanamu zisiongezwe ovyo wala zisiwaondoe waamini kwenye adhimisho lenyewe, na kwa kawaida mtakatifu mmoja awe na sanamu moja tu. Kwa hiyo mzungumzeni na paroko mapema, kabla fedha hazijachangwa. Kumkatalia mtu zawadi aliyokwisha kuinunua kunaumiza pande zote.

Mara nyingi zawadi bora zaidi ni kuitunza sanamu iliyopo. Ya plasta isioshwe kwa maji, kwani hunyonya unyevu na rangi ikabanduka. Tumieni brashi laini iliyo kavu. Ya mbao, chunguzeni kitako: ungaunga ukidondoka, wadudu wamo ndani. Mishumaa ikae mbali, masizi yasipande usoni.

Linalonisikitisha kuliko yote ni kupaka rangi upya kiholela. Mpaka rangi wa kuta, hata akiwa hodari, huziba mikunjo ya vazi na kuubadilisha uso ambao waamini wameutazama wakisali tangu utotoni. Tafuteni fundi wa sanamu, na mpige picha kwanza. Angalieni pia alama: Petro ana funguo, Paulo upanga, Antoni wa Padua amembeba Mtoto Yesu. Upanga ukivunjika bila kurudishwa, mtoto wa katekisimu atamtambuaje Paulo?

Parokia isiyo na uwezo isione haya. Katika Njia ya Msalaba, yaani vituo vya ukutani vya kutafakari mateso ya Yesu, kinachohitajika ni misalaba 14. Picha ni nyongeza.

Na sanamu iliyobarikiwa ikiharibika kabisa, isitupwe jalalani. Izikwe, au kama ni ya mbao ichomwe, kwa heshima.