Kifaranga ni mbegu gani? Anza na miguu, manyoya baadae

Nyie mnaoanza kufuga kuku nyumbani, swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili, mtu anatuma picha ya kifaranga cheusi kimekaa kwenye boksi, alafu "hii mbegu gani?" Jamani kwa picha hiyo hakuna anayeweza kukujibu, akikujibu anabahatisha. Australorp akitotolewa ni mweusi mwenye tumbo jeupe, Jersey Giant mweusi naye yuko hivyo hivyo, na Barred Plymouth Rock ambae ukubwani anakuja kuwa na mistari myeupe na myeusi nae anaanza mweusi, ila yeye ana doa jeupe kichwani. Na hilo doa bado halitoshi maana kuna machotara wa viwandani, madume yao weusi wanazaliwa na doa hilo hilo.

Kwahiyo rangi ya manyoya iwe ya mwisho kuangalia. Manyoya ya kwanza hayakai, yanabadilika, Australorp mdogo anaweza kuwa na manyoya meupe kwenye bawa ukaanza kulalamika umeuziwa chotara, subiri abadilishe manyoya uone yamepotea yenyewe.

Anza na miguu. Mshike kuku, mgeuze, angalia na unyayo kabisa, watu wengi unyayo hawauangalii na ndio unaoongea. Mweusi mwenye miguu ya kijivu iliyokolea na unyayo mweupe au pinki huyo elekea Australorp, unyayo ukiwa wa njano elekea Jersey Giant. Alafu hesabu vidole. Kuku wa kawaida ana vinne kila mguu, ukikuta vitano mbegu zinabaki chache sana, Silkie, Dorking, Faverolles, Houdan na wenzao wachache, na Silkie utamjua tu kwa ngozi nyeusi. Manyoya mpaka miguuni yanaonekana tangu siku ya kwanza, hapo fikiria Brahma au Cochin, na kuwatofautisha hao wawili nenda kichwani: Brahma kilemba chake ni kifupi kina mistari mitatu ya vinundu, Cochin ana kilemba kimoja kilichosimama chenye meno ya msumeno.

Kilemba kwa kweli ndio rafiki yako maana umbo lake halibadiliki, kinakua tu. Wale wenye madoadoa ya mistari wanaofanana sana, Barred Rock na Dominique, Barred Rock ana kilemba cha kusimama, Dominique kilemba bapa kimejaa vinundu na ncha kwa nyuma. Basi, umemaliza. Kishingo nae hahitaji maelezo, anatoka kwenye yai shingo wazi.

Tahadhari moja kwa wanaonunua vifaranga vyenye mashavu ya manyoya na miguu ya kijani kijani wakaambiwa ni Ameraucana. Ameraucana halisi miguu yake ni ya kijivu cha bluu. Huyo wa kijani karibu kila mara ni chotara anaebeba damu ya mayai ya rangi, hana ubaya wowote, anataga vizuri tu, ila usilipie bei ya mbegu safi. Na kuku wengi tu jibu lao ni hilo, chotara, msikasirike mkiambiwa.

Ukitaka msaada basi piga picha ya ubavu kuku akiwa amesimama, nyingine ya kichwa kwa karibu, nyingine ya miguu, mchana kwenye mwanga wa jua sio chini ya taa nyekundu ya kulelea maana taa hiyo inafanya kila kifaranga kiwe cha dhahabu, alafu taja umri kwa wiki. Umri ni muhimu kwasababu pora wa wiki nane mwenye kilemba chekundu na mtetea wa umri huo ambae kilemba bado cha njano unaweza kudhani ni mbegu mbili tofauti kumbe ni kaka na dada.

Kama bado mnabishana, mtetea atawajibu akianza kutaga, aliyeitwa Leghorn akitoa yai la kahawia, huyo sio Leghorn, mfutie hilo jina.