Muulize Mjomba: Baba alipigana Kagera, wasifu wake niuandikeje?

SWALI: Shikamoo Mjomba. Mzee wetu katutoka mwezi uliopita huku Newala, sasa arobaini inakaribia na ukoo umenibebesha mimi kazi ya kuandika historia fupi ya marehemu isomwe siku ya hitma, eti kwa vile ndo nimesoma. Baba alikuwa mgambo akaenda vita ya Kagera ila hakuwa msimuliaji, ukimuuliza anakujibu "tulitembea sana" basi, anarudi kwenye baiskeli zake maana alikuwa fundi. Mama anachokumbuka ni kwamba aliondoka watu wanaokota korosho. Mdogo wangu anataka tuandike baba alimtimua Amin pale Kampala kwa mkono wake, halafu akaenda kupigana na Msumbiji. Mi nimezaliwa 1987. Nianzie wapi?
Mtoto wa Fundi, Newala

JIBU: Marahaba mpwa wangu, poleni sana na msiba.

Anzia kwa mama. Korosho kwetu zinaokotwa Oktoba mpaka Desemba hivi, na Amin alivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, Mwalimu akatangaza vita tarehe 2 Novemba, mgambo wakaanza kukusanywa. Kwa hiyo andika aliondoka msimu wa korosho wa 1978, hapo hamna wa kukupinga. Na lile "tulitembea sana" liweke kama lilivyo, usiliremberembe, maana jeshi letu sehemu kubwa ya safari ile lilienda kwa miguu, Masaka, Lukaya walikokutana na Walibya waliokuja kumsaidia Amin Machi 1979, Kampala tarehe 11 Aprili, na wengine wakaunganisha hadi mpakani na Sudani mwezi Juni. Ila usimpitishe mzee kila mji huo kama hujui alikuwa kikosi gani. Fungua sanduku lake uone kama kuna cheti au nishani, kisha watafute wazee walioondoka naye, kaa nao kwenye kahawa na usiwahoji kama polisi, wakianza kubishana wenyewe kwa wenyewe utapata mengi.

Huyo mdogo wako mwambie apunguze. Kampala inaanguka Amin kashakimbia. Msumbiji nako wanajeshi wetu walienda kusaidia 1987 na 1988, wapo waliofia kule wakazikwa Naliendele hapo Mtwara, na mwaka huo wewe unazaliwa baba yuko kijiweni na spana. Je siku ya hitma akiwepo mtu mwenye ndugu yake pale Naliendele, mtamwambia nini?

Halafu kitu kingine, vita ilimchukua miezi tu, baiskeli zimemchukua maisha yake yote na nyie ndo mmesomeshwa nazo, sasa mbona barua yako imezitaja kwa mkato? Waulize wateja wake. Alikuwa anachaji shingapi kuziba pancha, nani alitengenezewa bure, mlikuwa mnamshikia beseni la maji akizamisha tyubu kutafuta tundu au alikuwa anawafukuza mkasome? Hapo jaza karatasi bila uchoyo, watu watacheka na kulia humohumo.

Watoto waandike wote kwa majina, kwa kufuatana walivyozaliwa, na kama kuna wa mama mwingine nao wamo, msije mkaaibishana mbele ya shehe. Ukimaliza msomee mama kwanza kabla ya kuprinti.