Mota “haizunguki” au “haizungushwi”?

SWALI: Ninaandika mwongozo wa kutafuta hitilafu katika mota ya hatua (ile inayozunguka hatua moja moja) inayotumiwa pamoja na maikrokontrola (chipu ndogo ya kompyuta inayotoa amri). Niliandika hivi: “Nilipowasha saketi, mota haikuzunguka bali ilitetema tu, nilipopima kwa multimita nikakuta waya mmoja wa koili umekatika.” Mwenzangu aliyeipitia kazi hiyo ameandika “mota haikuzungushwa” na “waya umekatwa”, kwa hoja kwamba kauli ya kutendwa ndiyo ya kitaalamu. Je, hoja yake inasimama? Na je, ni sawa kusema kwamba mota “inaendeshwa na maikrokontrola”?

JIBU: Ndugu msomaji, sentensi yako ya awali ndiyo sahihi. Mabadiliko uliyofanyiwa hayakuipandisha hadhi, bali yameigeuza maana, na katika maandishi ya kutafuta hitilafu maana ikigeuka fundi anayekufuata atakwenda kupima mahali pasipo na tatizo.

Tuanze na “zunguka”. Kitenzi hiki kimo katika kundi la vitenzi vinavyoishia na “-ka” ambavyo wenzi wao huishia na “-sha”: waka na washa, anguka na angusha, chemka na chemsha. Chenye “-ka” husema lililotokea kwa kitu chenyewe, bila kumtaja aliyelisababisha. Chenye “-sha” humleta msababishaji. Kwa hiyo “mota haizunguki” ni taarifa ya kile ambacho jicho limekiona: shafti, yaani mhimili wa mota, imetulia, basi. Haimlaumu yeyote wala haitangulizi sababu. “Mota haizungushwi”, kwa upande wake, ni dai kuhusu mtenda. Inasema kwamba kile kilichopaswa kuizungusha hakifanyi kazi hiyo: programu haitoi mapigo ya umeme, au draiva (saketi inayoipa mota nguvu kwa kufuata amri) haipitishi mkondo kwenda kwenye koili (waya ulioviringwa ndani ya mota). Msomaji wa sentensi hiyo ataanza kukagua programu, pini na draiva, wala hataifikiria mota.

Sasa tazama yaliyokupata. Mota yako ilitetema. Mota ya hatua haitetemi bila kupata umeme. Mtetemo huo ni ushahidi kwamba mapigo yanafika na kwamba draiva inajitahidi kuivuta rota (sehemu ya ndani inayozunguka), ila rota haipati mfuatano kamili wa sumaku wa kuisogeza mbele. Koili moja ikikosa umeme, au nyaya za koili mbili zikichanganywa, rota huenda mbele na kurudi nyuma palepale. Kuandika “haikuzungushwa” na papo hapo “ilitetema” ni kukaribia kujipinga, na kosa hilo halikuwemo katika maneno yako.

Mzizi huu mmoja unatoa maumbo mengine mawili ambayo mwongozo wako utayahitaji, nami ningependa uyatumie kwa makusudi. “Mota haizungushi mzigo” maana yake mota yenyewe inazunguka, lakini kinachofuata hakisogei. Hapo fundi ataangalia kiungo cha shafti au skrubu iliyolegea. “Shafti haizungushiki kwa mkono” maana yake mtu amejaribu kuizungusha na haikukubali, kwa sababu kiambishi “-ik-” hapa kinabeba wazo la uwezekano. Kauli hii inataka uangalifu wa pekee. Mota ya hatua iliyowashwa hushikilia mahali ilipo hata ikiwa imesimama, kwa hiyo kutozungushika kwake wakati huo ni afya, si ugonjwa. Vilevile mota ndogo ya aina ya 28BYJ-48 ina gia za kupunguza kasi kwa uwiano wa takriban 64 kwa 1, na shafti yake ni ngumu kuzungusha kwa mkono hata umeme ukiwa umezimwa, haifai kuilazimisha. Andika basi “haizungushiki” pamoja na hali iliyokuwepo: umeme ukiwa umewashwa, au ukiwa umezimwa. Bila nyongeza hiyo neno ni zuri lakini taarifa haijakamilika.

Lipo pia umbo ambalo sharti ulikwepe. Wapo wanaotaka kutendwa kwa “zunguka” wakaandika “mota imezungukwa”. Neno hilo ni Kiswahili safi, ila lina maana nyingine kabisa: mota iliyozungukwa na nyaya ni mota ambayo nyaya ziko pande zake zote.

Kuhusu waya, hoja ni ileile. “Umekatika” ni kauli ya kutendeka: waya uko vipande viwili, iwe kwa kuchoka, kwa kupindwa mara nyingi au kwa kuvutwa na sehemu inayosogea. “Umekatwa” humpeleka msomaji kumtafuta mtu mwenye koleo. Kanuni hiyohiyo itakuongoza kwenye “plagi imechomoka” na “plagi imechomolewa”, na hapa tofauti ina uzito mkubwa, maana kuchomoa nyaya za mota wakati draiva bado ina umeme kunaweza kuiharibu draiva hiyo. Ukiandika “imechomolewa”, umesema kwamba kuna aliyefanya tendo hilo, na fundi ana haki ya kuuliza kama umeme ulikuwa umezimwa.

Hoja ya kwamba kauli ya kutendwa ni ya kitaalamu zaidi siikubali. Kauli ya utaalamu ni ile inayosema kiasi kilichothibitishwa, isizidi wala isipungue. Penye mtenda anayejulikana, kutendwa kunafaa. Pasipo na mtenda, au ambapo bado anatafutwa, kutenda na kutendeka ndizo kauli za mtu mwangalifu.

Swali lako la pili linahusu “na” na “kwa”. Baada ya kitenzi cha kutendwa, “na” hutaja mtenda na “kwa” hutaja kifaa au njia. Nani basi anaiendesha mota? Pini ya ATmega328P, chipu iliyomo katika Arduino Uno, ina kikomo cha miliampea 40 ambacho haipaswi kukipita kamwe, ilhali koili za mota nyingi za hatua huhitaji mamia ya miliampea. Maikrokontrola haiwezi kubeba kazi hiyo. Inatoa amri tu. Ningeandika: “Mota inaongozwa na maikrokontrola na inaendeshwa na draiva, kwa umeme wa volti 12”, ikiwa ndizo volti unazotumia. Sentensi inayompa kila mmoja kitenzi chake humkumbusha msomaji kwamba amri inaweza kuwa sahihi na nguvu ikakosekana.

Nimalizie kwa jambo ambalo hukuuliza lakini litakukuta katika kurasa zinazofuata, yaani “hu-” na “-me-”. “Mota imesimama” ni tukio moja. “Mota husimama baada ya muda, kisha huendelea” ni mazoea, na mazoea ya namna hiyo humfanya fundi ashuku joto, kwa kuwa draiva kama A4988 hujizima ikipata moto kupita kiasi na kurejea ikipoa. Vivyo hivyo, nguvu ya kuzungusha hupungua kadiri kasi inavyopanda, kwa hiyo unaweza kuandika “mota hupoteza hatua kasi inapoongezwa ghafla”. Hapo “inapoongezwa” iachwe ilivyo, maana kasi haijiongezi: programu ndiyo inayoiongeza, na ndiyo itakayorekebishwa ili iipandishe hatua kwa hatua.