Pigo la Pili Ndilo Linalokufunga

Kijana mmoja wa boti hapa Lamu ameniandikia juzi: "Ami, mtu akinitolea kisu gatini, nimfanyeje nisifungwe?" Swali hili wengi huliuliza wakiwa tayari wako seli, kwa hiyo nalijibu mapema.

Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinasema nguvu ya kujitetea, au ya kutetea mali, itapimwa kwa misingi ya sheria ya Kiingereza iliyojengwa na maamuzi ya majaji. Mambo ni mawili: hatari ilikuwapo saa ile, au uliamini kwa dhati kuwa ipo? Na nguvu uliyotumia ililingana nayo? Kesi ya Palmer iliyotoka Jamaika, ikaamuliwa London mwaka 1970, ilikubali kwamba aliyevamiwa hawezi kupima pigo lake kwa mizani. Basi hakimu hatakudai hesabu ya gramu.

Sasa tazama gati. Mtu anakujia na kisu, wewe una upondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo. Unampiga mkononi, kisu kinatumbukia majini. Mpaka hapo uko ndani ya sheria. Ameinama, ameshika kifundo cha mkono wake, hana kitu. Ukimshushia la pili kisogoni, mshambulizi sasa ni wewe. Utaulizwa kisu kilikuwa wapi ulipoinua upondo mara ya pili, na jeraha la kisogoni ni gumu sana kulieleza.

Kumjeruhi mtu, kifungu cha 251, ni hadi miaka 5. Madhara makubwa, cha 234, ni hadi maisha. Akifa, na mahakama ikaona ulijitetea ila ukapita kiasi, kosa laweza kushuka kutoka mauaji hadi kuua bila kukusudia, ambalo nalo lafika maisha.

Kutukanwa mama si kushambuliwa. Inauma, najua, lakini haikupi haki ya ngumi. Mkiitana mkapigane hadharani, uwanjani Mkunguni, hakuna anayejitetea: kifungu cha 92 kinawashika nyote, hadi mwaka 1 kila mmoja. Na mwizi aliyetupa simu akakimbia amemaliza hatari yake. Mshikeni, mpelekeni polisi. Mawe mnayomrushia ni kosa lenu, nanyi vijana wangu mmelizoea mno!

Baada ya ugomvi, nenda kituoni siku ile ile, hata kama umeshinda. Chukua namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi) na fomu ya P3 ambayo daktari huandika majeraha yako, uende hospitali kabla uvimbe haujashuka, maana daktari huandika anachokiona.

Kosa linalowaponza wengi ni kusema "sikumgusa." Ukikana kupiga, ni vigumu sana kuaminiwa baadaye ukisema ulipiga kwa kujitetea. Kujitetea kukishajitokeza katika ushahidi, ni kazi ya upande wa mashtaka kuuvunja utetezi huo bila kuacha shaka ya maana. Usiitupe kinga hiyo kwa uongo. Kama huna uhakika wa maneno yako, Katiba, ibara ya 49, inakupa haki ya kunyamaza na ya kuwasiliana na wakili.

Wazee wanaweza kusuluhisha shambulio dogo, na mahakama hukubali. Madhara makubwa hayaishii barazani.

Upondo wenyewe usiuoshe wala usiutupe baharini. Upeleke kituoni pamoja na alama za kisu zilizo juu yake, zionekane.